Jivu Lisilo na Sindano

Inspekta Karambu alikuwa amepiga magoti kwenye jivu, mkono mmoja umeshika chekeche ya fundi wa nyumba, mwingine umebana leso puani. Tangu asubuhi yeye na Koplo Erot walikuwa wakichekecha sakafu ya lililokuwa ghala la dawa la Kituo cha Afya cha Jirma, pembezoni mwa mji wa Isiolo. Jua lilikuwa limepanda, mabati yaliyoungua yalinuka, na hasira ilikuwa imemfika kooni.

"Umepata nini?" aliuliza.

"Pini za katoni, afande. Zimejaa hapa. Na misumari ya shelfu."

"Sindano?"

"Hakuna."

"Chupa?"

"Hakuna hata kipande ya glasi."

Karambu alitikisa chekeche yake mara nyingine. Vidonge huungua vikaisha, hilo alilijua, na plastiki huyeyuka ikageuka uji mweusi. Lakini sindano ni chuma, na chupa za dawa ya sindano ni kioo. Moto unaweza kuzikunja na kuzibandika pamoja, hauwezi kuzifanya hewa. Na wakubwa wa afya walikuwa wametangaza redioni kwamba ghala lilijaa mpaka darini jioni lilipoungua.

Liliungua juzi wakati wa Maghrib. Moto ulipozimwa, mlinzi wa kituo, mzee Dabasso, alikutwa ndani amekufa, amelala kifudifudi juu ya katoni aliyoikumbatia. Wauguzi walikuwa katika wiki ya nne ya mgomo wakati huo, wamepiga hema mbele ya geti wakidai mishahara iliyochelewa na vyeo walivyoahidiwa. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Habsa, katibu wa chama chao, alikuwa ndani ya seli. Kesho asubuhi angepelekwa kortini kwa mauaji na kuchoma mali ya umma. Alikuwa na watoto wadogo, na muuguzi anayeshtakiwa kwa kuua hasubiri hukumu ndipo afutwe kazi.

Gari jeupe lilisimama nje ya utepe wa polisi. Aliyeshuka kwanza ni Bwana Diba, afisa aliyesimamia bajeti ya afya, suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Nyuma yake alishuka Mungania, karani wa ghala, ambaye hakugoma.

"Habari ya kazi, Inspekta. Bado mnapepeta?" Diba alisema akitabasamu. "Mimi nilidhani mshukiwa mnaye tayari."

"Ghala hili halikuwa na dawa," Karambu alisema bila kusimama.

"Lilikuwa nazo. Ziliibwa kwanza, kisha wakachoma kuficha. Hiyo si mpaka uende shule ya upelelezi."

"Nani alizipokea?"

"Mungania hapa. Lori lilikuja, maboksi yakashushwa mbele ya watu, wauguzi wenyewe waliona kutoka kwa hema lao. Waulize." Diba alikunja mikono. "Wacha nikueleze roho ya hii maneno. Bunge la kaunti lilikata pesa ya kuwapandisha vyeo, likaweka kwa dawa. Walichukia. Walisema mchana kweupe hawatakubali. Mtu anagoma juu ya dawa ya mgonjwa, unafikiri atashindwa kuichoma?"

Maneno hayo hayo alikuwa ameyasema redioni, na mji ukayameza. Sokoni wanawake waliwatemea wauguzi mate miguuni. Huku nyuma akina mama walikuwa wakizalia majumbani, na mmoja kutoka upande wa Leparua alifia njiani juu ya pikipiki. Karambu alilifahamu hilo kwa sababu yeye ndiye aliyeandika ripoti. Alikuwa na hasira na wauguzi, ana hasira na Diba, na sasa alikuwa na hasira na jivu.

"Mungania, nionyeshe uliposimama," alisema.

Karani aliongoza hadi kwenye ua wa miti ya miba nje ya kituo. Alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye shati jipya na jasho jingi. "Nilikuwa hapa, natoka dukani. Nikaona Habsa amefika kwa geti dogo la nyuma. Akaita, 'Dabasso, fungua, ni mimi.' Mzee akafungua, akaingia. Mimi nikaenda zangu. Sijafika mbali, naona moshi."

"Uliona uso wake?"

"Giza ilikuwa inaingia. Lakini sauti yake mimi naijua. Na kufuli haikuvunjwa, si mliona? Funguo ya pili ya stoo alikuwa nayo yeye."

Karambu alimtuma Erot kwenye geti la nyuma. "Ita kwa sauti ya kawaida."

"Dabasso, fungua, ni mimi," Erot aliita. Maneno yalifika kwenye ua wazi kabisa, kila silabi.

Mungania aliinua mikono kidogo, kumaanisha: umesikia mwenyewe. Karambu alikuwa amesikia. Hakulipenda alilolisikia, lakini hakuwa na la kulipinga.

Diba alitazama saa yake. "Kesho saa tatu awe mbele ya hakimu. Nimeshaongea na mkubwa wako."

*

Habsa aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amefunika kichwa kwa mtandio wa rangi ya kahawia, miguu mitupu, maana viatu huachwa kaunta. Hakuonekana amelala. Karambu alikaa mbele yake na Erot akasimama mlangoni. Inspekta hakumwambia shahidi ni nani wala alisema nini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: mshukiwa hafunuliwi karata za polisi.

"Juzi Maghrib ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Niliswali, nikapika."

"Nani alikuona?"

"Watu wa kwangu."

"Watu wa kwako watasema unachotaka. Ulifika kituoni siku hiyo?"

"Nilifika mchana. Nilimpelekea mzee wa geti chai na chapati. Yeye pia hajalipwa, na yeye hana chama."

"Mzee gani?"

"Abba Halake."

Karambu alifungua faili. "Hapa hakuna mtu anaitwa hivyo."

"Baba yake Halake. Mlinzi. Yule marehemu."

"Ana jina lake. Litaje."

Habsa aliinamisha macho. "Unalijua, madam. Limeandikwa hapo mbele yako."

"Nataka nilisikie kwako."

"Hilo hutalisikia kwangu."

Karambu alikuwa ameuliza watu wengi katika chumba hicho, na alikuwa ameona wauaji wasioweza kulitia kinywani jina la waliyemuua. "Mzee amekufa kifo cha moto. Umemletea chapati, umemwita baba ya fulani, na sasa jina lake linakushinda? Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nina heshima yangu."

"Heshima?" Karambu alifunga faili kwa kishindo. "Na funguo ya stoo?"

"Niliirudisha ofisini siku tulipogoma. Mwulize Bwana Diba. Nilimpa mkononi."

"Bwana Diba anasema hukuirudisha."

Habsa aliinua uso kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Basi madam, mnaniuliza nini? Nyinyi mshaamua. Sisi tulisema hakuna dawa. Mimi nimezalisha mama kwa tochi ya simu, nimemfunga kitovu mtoto kwa uzi wa kushonea nguo, nikaandika barua, nikasema bungeni kwao, wakasema tunataka vyeo. Vyeo! Sasa dawa ambazo hazikuwako zimeungua, na ni mimi nimezichoma."

Karambu alitoka nje akaegemea ukuta. Erot alimfuata.

"Huyu mama ana ulimi," Erot alisema.

"Ana ulimi kwa kila kitu isipokuwa jina moja. Twende kwake. Kama alibeba petroli, nguo zitanuka."

*

Nyumba ya Habsa ilikuwa mtaa wa Kulamawe, vyumba viwili vya mawe na uwanja uliofagiwa. Mume wake, Abdiwali, dereva wa lori la mbuzi, aliwafungulia bila neno. Karambu aliingia kwa "salaam aleikum" na kuitikiwa kwa sauti ya chini. Walipekua kapu la nguo chafu, wakanusa madira na mitandio, Erot akiwa na aibu usoni mwote. Zilinuka moshi wa kuni na sabuni. Petroli hawakuinusa.

Uani, juu ya mkeka, alikaa mzee mwenye kofia nyeupe, fimbo imelazwa pembeni, akinywa chai ya maziwa. Karambu alichuchumaa mbele yake, kwa kuwa hakuzoea kumhoji mzee amemsimamia.

"Mzee, shikamoo. Juzi Maghrib ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa. Mke wa kijana yangu alinipa maji ya udhu, halafu chakula. Hakutoka." Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu. "Lakini mimi ni wa nyumba hii, binti. Maneno yangu hamtachukua."

"Nitaandika. Jina lako, mzee?"

"Dabasso."

Kalamu ya Karambu ilisimama. "Kama yule mlinzi?"

"Kama yeye. Jina ni la watu wengi, Mungu amrehemu."

Karambu aliandika, akasimama, akajifuta vumbi magotini. Kisha aligeuka polepole na kumtazama Abdiwali. "Mkeo anamwitaje baba yako?"

"Abba. Wakati mwingine Abba yangu."

"Na akimtaja kwa watu?"

"Anasema mzee wa nyumbani."

"Hamwiti Dabasso?"

Abdiwali alimkodolea macho, akacheka kicheko kifupi cha mtu asiyeamini. "Madam, wewe umekaa Isiolo siku ngapi? Mke wa Mborana hawezi kutaja jina ya baba mkwe. Tangu tuoane sijalisikia kwa mdomo wake. Baba alipolazwa, Habsa mwenyewe alikuwa zamu, akamwita mwenzake Gaceri aseme jina ndiyo kadi iandikwe. Yeye alisimama hapo kando amenyamaza."

"Na mtu mwingine mwenye jina hilo?"

"Jina ni lile lile. Anamtafutia lingine. Yule mlinzi alimwita kwa mtoto wake wa kwanza, Abba Halake."

Karambu alizaliwa Maua, kwa Wameru, amefanya kazi Isiolo miaka, amekula nyama na watu hawa na kuzika nao, na hakuwahi kulijua hili. Alijiona mjinga, na ujinga huo ulimuuma hadi masikio yakawaka moto. Alimpigia simu Gaceri palepale, akiwa bado uani, na kuweka spika, akamwuliza Habsa alimwitaje mlinzi.

"Abba Halake," Gaceri alijibu mara moja. "Siku zote. Sisi kwa wadi tulikuwa tunamtania: Habsa, tutakununulia soda, sema jina ya mlinzi. Anakimbia. Anaweza hata kukutukana, lakini hilo hasemi. Kwani imekuwaje?"

Karambu alikata simu. Erot alikuwa ameshatangulia kwenye gari na kuliwasha.

*

Mungania aliketishwa kwenye kiti kile kile alichokalia Habsa. Alipoona chumba kina watu watatu tu, alitabasamu na kuanza Kimeru. Karambu alimkata.

"Kiswahili. Koplo naye asikie."

"Sawa, lakini wewe ni wa kwetu, Karambu. Hawa watu unawajua. Wakishikana na chama chao hakuna anayesema ukweli."

"Ndiyo maana nataka wako. Rudia. Habsa alisema nini getini?"

"'Dabasso, fungua, ni mimi.'"

"Una hakika alitaja jina? Labda aliita 'mzee'."

"Hapana. Jina."

"Labda alisema Abba fulani. Wengi hapa huitana hivyo, na upepo ulikuwepo."

"Hapana, madam. Dabasso. Nimesikia na hii masikio yangu. Hata kortini nitasema."

"Utaapa?"

"Nitaapa na Biblia."

Karambu alimtazama Erot. Erot aliandika, akamsomea Mungania maneno yake, Mungania akatia sahihi. Ndipo Inspekta alipovuta kiti karibu.

"Baba mkwe wa Habsa yuko Kulamawe anakunywa chai. Unajua anaitwa nani?"

Mungania alitikisa kichwa.

"Dabasso."

Karani hakuelewa. Karambu alimwona hajaelewa, na alijua kwamba yeye mwenyewe asubuhi ile asingeelewa vilevile. Alimweleza kwa sentensi chache, bila kupandisha sauti. Jasho lilianza kumtiririka Mungania kutoka kwenye nywele.

"Basi huenda... huenda alisema Abba..."

"Umelikana hilo mara mbili na kutia sahihi."

"Njia ya mwongo ni fupi," Erot alisema mlangoni. "Yako haikufika hata barabarani."

"Nilikuwa naambiwa niseme nimemwona!" Mungania alipaza sauti, kisha akaishusha. "Bwana Diba aliniambia sema umemwona, basi. Mimi nikaona kumwona peke yake hakuna nguvu. Nikaongeza jina ili ikae vizuri."

Ndipo Karambu alipoona jinsi jambo lilivyokwenda. Diba ni Mborana. Mama yake, dada zake, mke wake, wote wamekaa na desturi hiyo vinywani mwao. Kama angekaa dakika moja na karani amsikilize anachokwenda kusema polisi, angemzuia. Lakini mkubwa hakai na karani. Alimtupia agizo kupitia dirisha la gari na kwenda zake.

"Funguo ya Habsa iko wapi?"

"Diba alinipa. Aliniambia niitupe baadaye. Iko kwangu nyumbani, kwa kopo ya sukari."

"Lori lilileta nini?"

"Maboksi."

"Nimekuuliza lilileta nini."

"Maboksi matupu, yamefungwa vizuri. Dawa haikununuliwa. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki ijayo, ndiyo ikasemekana stoo lazima iungue, na wauguzi wako hapo nje wamekasirika, kila mtu ataamini."

"Na mzee?"

Mungania alifunika uso. "Alikuwa ameenda kuswali. Tulijua atakuwa ameenda. Nikawasha, nikafunga mlango wa nyuma. Halafu namwona anakuja mbio, amebeba viatu mkononi. Akaingia moja kwa moja kwa moshi. Alikuwa analia, 'dawa, dawa ya watu.' Alitoa katoni moja, akarudi ndani."

Erot aliacha kuandika.

"Ulikuwa umbali gani?" Karambu aliuliza.

"Hapo kwa ua."

"Ulimwambia kwamba ni matupu?"

Mungania alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Mungania. Mzee anaingia kwenye moto mara ya pili kuokoa dawa za watu. Wewe uko kwa ua. Ulimwambia?"

"Ningemwambia, angejua."

Karambu alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Alitoka nje, akaenda hadi kwenye bomba uani, akafungua maji na kunawa uso mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kumpiga mshukiwa, na jioni hiyo alikuwa karibu kuanza.

*

Diba alifika kituoni kabla ya kuitwa. Mtu alikuwa amemnong'oneza, kama kawaida ya mji huu. Hakutabasamu safari hii. Alimkuta Karambu kaunta na Habsa amesimama mbele yake, akirudishiwa viatu na saa.

"Inspekta, tuongee pembeni."

"Ongea hapa."

Diba alimtazama Habsa, kisha akaamua kwamba hakuna hasara. "Mungania ni mlevi, kila mtu anajua. Mimi sitaki mambo makubwa. Tuandike ilikuwa waya za stima. Ghala lilikuwa la zamani. Huyu dada aende nyumbani kwa watoto wake usiku huu. Mishahara, mimi mwenyewe nitasukuma, wiki hii watapata. Vyeo pia tutaangalia. Mgomo uishe, hospitali ifunguke, akina mama wapate mahali pa kuzaa. Sasa niambie, hapo nani ameumia?"

Karambu aligeuka kwa Habsa, kwa sababu haki ya kujibu haikuwa yake. Alimwona mama huyo akipima. Watoto walikuwa nyumbani. Wenzake walikuwa wamekaa chini ya hema wiki nne, wengine wameuza mbuzi wa mwisho, na hiki ndicho walichokuwa wakikidai, kimewekwa mbele yake juu ya meza ya polisi.

Habsa alivua kiatu alichokuwa ameshavaa. Akakirudisha juu ya kaunta.

"Madam, nirudishe ndani. Nikitoka kwa hii njia, wenzangu watakula mshahara wa damu ya yule mzee. Kesho nipeleke kwa hakimu, nitaongea huko mbele ya watu wote." Alimgeukia Diba na kusema naye Kiborana, maneno machache, kwa sauti ya chini. Karambu hakuyaelewa, isipokuwa "Abba Halake". Lakini alimwona Diba akirudi nyuma hatua moja na kushika ukingo wa kaunta.

"Vaa kiatu, dada," Karambu alisema. "Nyumbani kwako ni Kulamawe." Akavuta kitabu cha matukio, akakifungua ukurasa mpya. "Bwana Diba, weka simu hapa mezani. Viatu, saa na mshipi."

Diba alicheka. "Wewe unajua unaongea na nani?"

Simu ya Karambu ilianza kuita mfukoni. Aliitoa akaona jina: mkubwa wake. Aliilaza kaunta kifudifudi, ikaendelea kulia na kutetemeka kando ya kitabu, na kila aliyekuwepo akawa anaitazama isipokuwa yeye.

"Mshipi," alisema.